Papa Masoni Anajibu: Ukuta Unaokunywa Jua

Mwezi uliopita niliandika hapa, kwa kupita tu, kwamba mfalme mmoja wa Ufaransa aliyajengea matunda yake klotire, yaani ukuta wa kuzungushia, nzuri kuliko nyumba za watu wengi. Sikujua nimechokoza nyuki. Barua zimekuja kutoka mitaa yetu ya Goma, za Himbi, za Ndosho, za Majengo, hata moja ya masoni mwenzangu, fundi wa mawe na matofali, anayeniuliza kwa ukali kidogo. Basi leo habari za nyufa na mabati zitangoja. Tuongee ukuta wa bustani.

Papa Masoni, jambo. Binti yangu anasoma Uingereza. Amenitumia picha: ukuta wa matofali mekundu, mrefu kuliko nyumba yangu, na ndani hamna nyumba! Kuna kabichi, na miti iliyosulubiwa ukutani. Ni shamba la tajiri mmoja wa zamani. Nikamuuliza, hawa waliogopa wezi wa kabichi? Akacheka tu. Wewe uliyefika Ulaya, nieleze. — Mama wa Himbi

Mama, wezi walikuwepo, wa miguu miwili na wa miguu minne. Sungura wa porini peke yake anamaliza bustani kwa juma moja. Lakini mwizi aliyeogopwa kuliko wote alikuwa baridi. Kule, mwezi wa nne, mti wa tunda umeshatoa maua, na usiku mmoja tu wa barafu unayaunguza yote kimyakimya. Asubuhi maua bado yako mtini, ila yamekufa, na mwaka huo hakuna tunda. Ukuta ule ulijengwa kwa ajili ya usiku kama huo.

Nitakueleza nilivyouelewa mimi mwenyewe, maana kwa kusoma sikuwa nimeelewa. Binti yangu anaishi karibu na Paris. Mwezi wa tisa, mwaka nilipomtembelea, alinipeleka Versailles kuona jumba la mfalme. Nikamwambia dhahabu nitaiona siku nyingine, nipeleke kwenye bustani ya mboga, ile wanayoiita Potager du Roi. Tukakaa mpaka jioni. Jua likazama nyuma ya paa, binti akafunga koti mpaka kidevuni, na mimi nikaweka kiganja juu ya ukuta. Ulikuwa na joto! Joto la sufuria iliyoepuliwa nusu saa iliyopita. Nilisimama pale na mkono wangu ukutani kama mtu anayepima homa ya mtoto, watu wakipita na kunitazama.

Ndiyo kazi yake yote. Mchana ukuta unakunywa jua, usiku unalitapika polepole, na mti uliobandikwa juu yake unalala kama mtoto mgongoni mwa mama. Ndiyo maana binti yako ameona miti imesulubiwa. Tangu mche, matawi yanakatwa na kufungwa yakae bapa, mengine yamekunjuliwa kama vidole vya mkono, mengine yamelala kushoto na kulia kama ngazi. Mti unakosa unene, unabaki na urefu na upana. Kila tunda linaona jua mbele na linapata joto la ukuta nyuma.

Urefu wa ukuta mara nyingi ni mita 3 hadi 4. Penye mawe mengi walijenga kwa mawe, kisha upande wa ndani wakauvika matofali, kwa sababu tofali linashika joto vizuri na linakubali msumari bila kupasuka. Na misumari ilikuwa mingi! Kila kitawi kilishikwa na kipande cha nguo kilichopigiliwa. Ukuta wa zamani ukiutazama kwa karibu, umejaa vitundu kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Ndani, umbo linalorudiwa kila mahali ni hili: bustani imegawanywa mara nne na njia mbili zinazokatana, na katikati kuna birika. Birika si pambo. Maji ya kisima kule ni baridi mno, kwa hiyo yanakaa kwanza juani ndipo mtu achovye chombo chake. Ardhi ikiwa na mteremko, wajenzi wenye akili waliacha upenyo upande wa chini, kwa sababu hewa baridi inatiririka kama maji. Ukiizibia njia, inatuama kwenye kona ya chini, na miche ya hapo ndiyo inayokufa. Nyuma ya ukuta, upande usioona jua, ndiko walikojificha wafanyakazi: stoo, chumba cha majiko, mahali pa kuotesha uyoga, na chumba cha vijana wa bustani ambao walilala hapohapo. Bwana na mgeni wake waliingia kwa mlango mmoja, mbolea ya farasi na vijana kwa mwingine.

Bustani ile ya Versailles ilijengwa kati ya 1678 na 1683 kwa ajili ya Louis wa 14. Msimamizi alikuwa Jean-Baptiste de La Quintinie, mtu aliyesomea sheria akaiacha kwa kupenda miti. (Baba yangu angemchapa.) Mfalme akampa kinamasi kinachonuka, kwa sababu tu kilikuwa karibu na jumba. La Quintinie alinung'unika, kisha akafanya kazi: kinamasi kikajazwa udongo, mifereji ikapitishwa chini, na ndani ya eneo la hekta 9 hivi akasimamisha kuta nyingi, siyo klotire moja bali vyumba vingi visivyo na paa, kila kimoja na upepo wake na jua lake. Kwa kuta hizo, na samadi mbichi ya farasi inayochemka chini ya udongo, alimpelekea mfalme stroberi mwisho wa mwezi wa tatu, njegere mwezi wa nne, tini mwezi wa sita, na asparagasi katikati ya baridi, mwezi wa kumi na mbili.

Usifikiri ni mambo ya wafalme tu, Mama. Kijiji cha Montreuil, mashariki ya Paris, wakulima wa kawaida walijenga kuta hizohizo kwa ajili ya pichi. Walikuwa na machimbo ya jasi, wakapaka lipu nyeupe, wakafunga matawi kwa vipande vya nguo kuukuu. Wakati biashara ilipokuwa juu, katika karne ya 19, kuta zao zote zikiunganishwa zilifika karibu kilomita 600. Hiyo ni zaidi ya kutoka hapa Goma mpaka Kisangani ukienda kama ndege. Kwa ajili ya pichi!

Papa, mimi ni mwalimu. Nataka kuwaonyesha wanafunzi ukuta wa namna hiyo katika uwanja wa shule. Uelekee wapi? — Mwalimu wa Ndosho

Mwalimu, hapa ndipo wengi wanakosea, hata wahandisi. Kule kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima, halihamii kaskazini hata siku moja. Kwa hiyo wanajenga ukuta mrefu kutoka mashariki kwenda magharibi, na uso wake wa kusini ndio wa thamani. Wa kaskazini wanauachia matunda yasiyojali kivuli.

Sisi tuko chini ya ikweta kwa nyuzi 1 na kitu. Jua letu linahama. Mwezi wa sita, saa sita mchana, limeinamia kaskazini nyuzi 25 hivi. Mwezi wa kumi na mbili limeinamia kusini nyuzi 22 hivi. Wape wanafunzi hesabu hii: ukuta wa mita 3 unatupa kivuli cha mita 1 na nusu kasoro kidogo upande wa kusini katika mwezi wa sita, na cha mita 1 na robo hivi upande wa kaskazini katika mwezi wa kumi na mbili. Wasimike mti wa mita 3 na kupima wenyewe kwa kamba. Utaona kwamba kwetu uso wa kusini na wa kaskazini wanapokezana, hakuna mfalme.

Ukiniuliza mimi, ukuta wa shule uende kaskazini na kusini, na mboga uziweke upande wa mashariki. Asubuhi zetu mara nyingi zina jua. Saa nane mawingu yameshakaa juu ya mlima Nyiragongo na mchezo umekwisha.

Papa Masoni, nakuheshimu, lakini umetuharibia jina. Mteja wangu amesoma makala yako akaniletea picha ya ukuta wa Uingereza unaojipinda kama nyoka. Anasema unatumia matofali machache kuliko ukuta ulionyooka. Nikamwambia haiwezekani, ukipinda njia inakuwa ndefu. Sasa anafikiri mimi ndiye mwizi. — Masoni wa Majengo

Mdogo wangu, mteja wako ana haki, na wewe una haki, na hamsemi kitu kimoja.

Chukua bati. Bati bapa ukilisimamisha linalala. Bati lenye migongo linasimama. Ukuta wa nyoka ni bati lenye migongo. Kwa sababu ya mipindo, unaweza kujengwa kwa unene wa upana wa tofali moja tu, sentimita 11 hivi, bila nguzo, na upepo usiuangushe. Ukuta ulionyooka wa unene huo, mrefu kupita kifua, hautamaliza msimu wa mvua. Lazima uupe unene wa tofali mbili, au nguzo kila baada ya hatua chache. Sasa fanya hesabu. Mita 20 zilizonyooka kwa matofali mawili ni sawa na mita 40 za tofali moja. Mita hizohizo 20 zikipindwa, tuseme zinakuwa 26, lakini kwa tofali moja. Nani kamaliza matofali?

Kuta hizi ziko nyingi katika jimbo la Suffolk, mashariki ya Uingereza. Hesabu ya matofali ilikuwa na uzito wake: tangu 1784 hadi 1850 serikali yao ilitoza kodi kwa matofali. Thomas Jefferson naye, rais wa Marekani wa zamani, alizungushia bustani za chuo kikuu cha Virginia kuta za namna hiyo. Na mti ukiuweka ndani ya mpindo, upepo haumfikii.

Lakini mwambie mteja wako hivi, na umwonyeshe gazeti: hayo ni mambo ya tofali. Kwetu tunajenga kwa mawe ya volkano, na jiwe la volkano halijakatwa na mashine. Jiwe moja lina pua, lingine lina nundu. Ukuta wa mawe yetu chini ya sentimita 30 au 40 si ukuta, ni deni. Na ukishakuwa na unene huo unasimama wenyewe, mipindo haina faida, inakula mawe tu na siku za kazi. Kama anapenda nyoka, anunue matofali. Ajue bei ya usafiri.

Je, ni kweli wazungu walilima mananasi kwenye baridi? Na nani alikuwa anafanya hiyo kazi? — Mwanafunzi, Katindo

Kweli kabisa, mwanangu. Walichimba shimo, wakalijaza samadi ya farasi au maganda ya mti wa mwaloni yaliyotoka kwa wachua ngozi. Vitu hivyo vikioza vinatoa joto. Juu wakaweka vyungu vya mananasi na kufunika kwa vioo. Nanasi moja lilikula miaka miwili, mitatu. Huko Dunmore, Scotland, juu ya ukuta wa bustani kuna nanasi la mawe la urefu wa mita 14 hivi pamoja na jengo lake, na mlangoni pameandikwa 1761. Nimeona picha zake tu, lakini kama masoni navua kofia: kila jani la jiwe limechongwa likipinda nje, na maji ya mvua hayatuami.

Penye fedha zaidi, ukuta wenyewe ulikuwa jiko. Ndani yake ulikuwa mtupu, na moshi ulipitishwa kwa njia inayozungukazunguka kabla ya kutokea juu. Majiko yalikuwa upande wa nyuma. Moshi ulijaza masizi, na mti wa karibu na jiko uliungua wakati wa mbali ukitetemeka. Kioo nacho kilikuwa na kodi mpaka 1845. Ilipoondolewa, nyumba za vioo zikaanza kuegemezwa kwenye kuta hizo kila mahali. Matajiri wakubwa hawakuwa wamengoja. Huko Chatsworth, jumba la bwana mmoja wa Uingereza, Joseph Paxton, mkuu wa bustani, aliotesha mgomba ndani ya nyumba ya vioo, ukatoa ua mwaka 1835, akaipa ndizi yake jina la ukoo wa bwana wake, Cavendish. Leo ndiyo ndizi inayojaza maduka ya dunia nzima. Ilitoka nchi za joto, ikapata jina kwenye baridi.

Kazi, umeuliza. Vijana wa umri wako. Yule wa zamu aliamka usiku wa manane kulisha jiko makaa, maana moto ukizimika, miaka mitatu ya nanasi imekufa. Huko Heligan, Cornwall, ndani ya choo cha wafanyakazi kwenye pembe ya bustani, watunza bustani waliandika majina yao ukutani kwa penseli, na mwezi: Agosti 1914. Vita vya kwanza vilikuwa vimeanza. Wengi wao hawakurudi, na pori likafunika kuta mpaka 1990 zilipogunduliwa upya. Penseli ilikuwa bado inasomeka.

Papa Masoni, nina klotire ya mawe ya volkano, mita 2 na nusu, na juu nimepanga vipande vya chupa. Chini ni mawe matupu. Nataka nyanya zikae kwenye ukuta huo kama ulivyosema. Joto la mawe meusi si litazisaidia? — Baba wa Keshero

Baba, hapana. Joto si shida yako. Goma haina barafu. Nyanya za Goma zinauawa na mvua. Jani likikaa na maji siku tatu, mildiu inaingia, mabaka meusi, na juma la pili unang'oa. Wewe umeangalia ukuta wa Ulaya ukaona joto. Mimi nilipokuwa pale Versailles niliangalia juu, nikaona kofia.

Kuta nzuri za zamani zina kofia: safu ya mawe bapa au vigae inayotokeza mbele ya ukuta, maji yadondoke mbali na mti. Baadhi waliweka vyuma vya kushikilia mbao au mikeka kwa muda, maua yakitoka, kisha wakaondoa. Walijua kwamba pichi lisilolowa halipati ugonjwa wa majani kujikunja. Hicho ndicho cha kuiga. Ondoa hizo chupa. Mwizi anatupia gunia juu yake na kupita, na wewe unabaki na ukuta usioweza kubeba kitu. Weka vipande vya mbao vinavyotokeza nusu mita, juu yake bati kuukuu, lenye mteremko wa kuelekea mbele. Nyanya ziwe chini ya bati, mkono mmoja kutoka ukutani, zimefungwa kwa vipande vya kitenge kwenye kamba. Maji utawapa wewe, kwenye mizizi, kwa bidoni. Na bati hilo litakudondoshea maji ya mvua kwenye pipa.

Sasa udongo. Unasema chini ni mawe matupu, kwa hiyo utanunua udongo wa lori, na najua utakachotaka kufanya, kwa sababu nilikifanya mimi. Mwaka 2009, kwenye parsele (kiwanja) moja yenye mteremko karibu na ziwa, nilimjengea mtu klotire, na mwenyewe akaniomba nijaze udongo ndani mpaka usawa wa kiuno apande mboga. Nikajaza. Ukuta ulikuwa mzuri, kamba imenyooka, viungo vimepigwa simenti mpaka vikang'aa. Nilizipa sura mistari ile nyeupe kati ya mawe meusi, watu wakasimama kuangalia. Sikuacha tundu hata moja. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikanyesha usiku kucha, udongo ukanywa, ukavimba, na maji hayakuwa na pa kutokea. Saa kumi na moja alfajiri nikapigiwa simu. Ukuta ulikuwa umelala kifudifudi kwenye parsele ya jirani, juu ya banda la sungura. Viungo vyangu vizuri vilikuwa vimeshikana bado, ulianguka mzima kama mlango. Sungura nililipa mimi, na ukuta wa pili nikajenga bure.

Kwa hiyo usiegemeze udongo kwenye klotire. Jenga kitanda chako kisiiguse, kwa mawe yaliyopangwa bila simenti, yafike magotini tu. Maji yatapita yenyewe katikati ya mawe. Na kama klotire yako tayari ina udongo wa jirani upande wa pili, nenda leo ukaangalie kama fundi wako aliacha matundu chini, moja kila baada ya mita moja na nusu. Kama hayapo, toboa. Nyuma ya kila tundu, upande wa udongo, panga kokoto za volkano ujazo wa karai moja, siyo matambara. Matambara yanaoza, yanaziba, na jirani yako labda anafuga kitu.